Rutuba Kutoka Nsambya

Kila Jumatano asubuhi Mahfudha, mke wa Mwalimu Umar wa chuo cha Kurani cha Kansanga, alitoka nyumbani akisukuma baiskeli ya mumewe, gunia tupu limekunjwa nyuma ya kiti, akashika njia ya Nsambya. Kabla ya adhuhuri alirudi, gunia limejaa, limefungwa kwa kamba na kufunikwa kanga kuukuu. Alikuwa amevaa buibui lake, na jasho lilimtiririka, na hakusimama kuzungumza na mtu. Kansanga yote ilimwona. Miaka ile ya serikali ya wanajeshi, watu wa Kampala walikuwa na macho mengi na vinywa vichache.

Sasa Nsambya kuna nini? Kuna misheni ya Wakatoliki, na Mahfudha ni Mwislamu mtoto wa Waislamu. Kuna hospitali, na kwake hakukuwa na mgonjwa. Kuna nyumba za watu wa reli, na hakuwa na ndugu huko. Baada ya hapo zinabaki nyumba za polisi. Penye wengi pana mengi, na hesabu kama hiyo haihitaji mtu awe amesoma.

Hata hivyo maneno hayo yalikuwa mepesi mpaka siku Sulaimani, fundi cherehani, alipochukuliwa. Ilikuja Peugeot nyeupe, wakashuka vijana wawili wa usalama, wenye miwani myeusi na suruali pana miguuni, wakamwambia, "Fundi, twende kidogo, tutakurudisha." Fundi alitoka na tepe ya kupimia ingali shingoni. Walifungua buti la gari, wakamwonyesha kwa kidole, akaingia mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu. Ilikuwa Alhamisi, na jana yake ilikuwa Jumatano. Watu hawakutaka ushahidi mwingine.

Tangu siku hiyo Mahfudha akawa mtu mkubwa. Bashir mwuza nyama, ambaye kwa kawaida alimpa mifupa na mizaha, sasa alimwekea mnofu pembeni. "Mama Shamsia, hii ni ya kwako, mimi niliweka," alisema, na pesa akazikataa kwa kutikisa kisu. Bombani wanawake walisogeza madebe yao ili yeye ateke kwanza. Alipoingia mahali, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Hakuna aliyemtukana wala kumuuliza kitu, na heshima ya namna hiyo ilimwumiza kuliko matusi.

Nisikuzungushe, msomaji. Ndani ya gunia mlikuwa na mavi ya nguruwe.

Duka la Mwalimu Umar, lile la mbele ya nyumba, lilikuwa limebaki rafu na vumbi. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa, chumvi vilevile, na sabuni ilipatikana kwa wakubwa waliogawiwa maduka ya Wahindi, wale tuliowaita mafutamingi. Wazazi wa wanachuo walilipa kwa ahadi. Nyumba iliishi kwa bustani ya Mahfudha iliyokuwa uani, na bustani hiyo ilikuwa imeanza kwa aibu. Mpangaji wa zamani alikuwa akitengeneza malori pale, akimwaga mafuta machafu chini. Juu ya hayo, udongo mwekundu wa Kansanga una choyo. Ukiutilia chakula unakikamata na hauuachii mmea hata kidogo. Mvua ikinyesha unateleza, jua likiwaka unakuwa tofali. Mchicha wake wa kwanza ulitoka wa manjano, ukafa umesimama.

Alijaribu kurundika maganda ya ndizi, nyasi na majivu ya jikoni, kama alivyoona kwa watu. Rundo lilikaa baridi, likanuka, likatoa funza. Kisha Shamsia, binti yake, akaugua malaria, wakalazwa Nsambya, na kwenye kitanda cha jirani alikuwa Anena, Mwacholi, mke wa polisi mmoja aitwaye Fabiano Obwona, akimwuguza mwanawe Concy. Wanawake wawili wenye watoto wagonjwa huzungumza chochote ili usiku uishe. Anena akamwambia, "Mama Shamsia, wewe nalisha hiyo rundo maganda peke yake. Hapana. Tia kitu ya moto ndani. Mimi niko na nguruwe, kuja chukua." Mahfudha alisema astaghfirullahi, akageukia ukutani. Njaa ilipozidi akaenda, na gunia.

Na rundo liliwaka kweli. Alfajiri lilifuka moshi mweupe. Ukichomeka kijiti katikati ukakichomoa, hukuweza kukishika. Alilipindua kwa jembe, akalimwagia maji, akalifunika kwa majani ya mgomba, akalipindua tena. Mvua mbili zilipopita, mle ndani hamkuwa na maganda wala mavi. Palikuwa na udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya ardhi inapoguswa na mvua ya kwanza. Ukiufinya, uliacha unyevu vidoleni na rangi kwenye kucha. Akiuloweka kwenye maji ya majivu, maji yaligeuka rangi ya chai iliyokolea, na miche iliyonyunyiziwa maji hayo ilishusha mizizi upesi. Alipouchanganya na ule mwekundu, mwekundu ukafungua mkono. Hata pale palipomwagwa mafuta ya malori, udongo mweusi uliishika ile sumu, ukakaa nayo, mchicha ukaota juu yake kijani kibichi. Wakati wa kiangazi bustani za watu zilikunja majani, ya Mahfudha ilisimama, kwa sababu udongo wake ulikuwa na maji ya juzi.

Nyanya zake nyingine zilikwenda mpaka soko la Kalerwe, lakini nyingi zililiwa pale pale Kansanga. Ziliingia kwenye mchuzi wa kila jirani. Ziliingia kwenye pilau ya maulidi, iliyoliwa na msikiti mzima. Hapo ndipo pabaya.

*

"Umeosha?" aliuliza Mwalimu Umar.

"Saba, moja yake kwa udongo."

Kila Jumatano Mahfudha alichutama kando ya bomba la uani akaosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa aliyeshika najisi ya nguruwe. Mara hii, alipoinua kichwa, aliona pazia la nyumba ya pili likirudi mahali pake. Hata yeye alijua ni nini mtu angefikiri akimwona mwanamke anasugua mikono namna ile siku ya Jumatano.

"Baba Shamsia, mimi nimechoka," alisema, akifuta mikono kwenye kanga. "Leo Bashir amenipa maini. Maini!  Unajua wanasema nini?"

"Najua."

"Basi tuwaambie ukweli."

Mwalimu Umar alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa vitambaa, na yeye alijivunia Kiswahili chake na elimu yake. Alifunga kitabu alichokuwa akisoma.

"Kwa kitabu," alisema, "nyanya ni halali. Mmea ulioota penye najisi si najisi, unaoshwa, unaliwa. Udongo ndio hautahiriki hata ugeuke vipi, sisi ni watu wa Shafi. Lakini nyanya ni halali."

"Si uwaambie hivyo hivyo?"

"Kwa kitabu ni nyanya, Mahfudha. Kwa Kansanga ni nguruwe."

Alikuwa amesema kweli, na Mahfudha alijua. Mwalimu aliyewalisha Waislamu uchafu wa nguruwe, tena kwenye maulidi: maneno hayo yangefika kwa imamu kabla ya swala, na kabla ya magharibi yangefika kwa mtu mwenye miwani myeusi aliyetafuta kesi ya kumpendezea mkubwa wake. Chuo kingefungwa. Huenda buti la Peugeot lingefunguliwa tena.

"Lakini wananiona mpelelezi," alisema.

"Waache wadhani."

Alilisema kwa wepesi mno. Mahfudha alimtazama. Jana yake mumewe alipita mbele ya foleni ya mafuta ya taa na watu wakampisha, akarudi na chupa mbili na uso wa bwana harusi. Juzi yule kijana aliyekuwa akimcheka chuoni alimwamkia shikamoo akiwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu Umar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameonewa miaka mingi na watu wasiojua hata alifu, na sasa alikuwa ameonja kuogopwa, akakuta ni tamu.

*

Zubaida, mke wa Sulaimani fundi, alikuja Ijumaa baada ya swala, akapitia mlango wa duka kama mteja.

Zubaida alimzidi Mahfudha kwa miaka mingi. Alikuwa Muganda Mwislamu, mnene, mwenye kicheko, aliyemfundisha Mahfudha kufunga luwombo, kitoweo cha kupikwa kwa mvuke, kwenye jani la mgomba alipokuja Kansanga bi harusi. Mahfudha alimwita dada, na akikutana naye alipiga magoti kumwamkia, kama desturi ya pale. Siku ile Zubaida alivua viatu mlangoni, na kabla Mahfudha hajashuka, yeye akatangulia, akapiga magoti kwenye saruji ya duka.

"Dada, la! Dada, inuka, bambi, tafadhali!"

"Niache, nnyabo."

Neno hilo la Kiganda la heshima, kutoka kwa mtu aliyezoea kumwita "wee mtoto," lilimchoma Mahfudha kifuani. Alijaribu kumwinua kwa kwapa, akashindwa; Zubaida alikuwa mzito na hakutaka kuinuka.

"Mimi sikuja kuuliza kwa nini," Zubaida alisema, macho chini. "Kila mtu ana nyumba yake, kila mtu anakula vile anaweza. Mimi sina maneno na wewe. Nataka tu wewe unisemee kwa watu wako. Sulaimani mtu mzee. Kama alisema kitu kibaya, alisema na mdomo tu. Wampige, sawa. Halafu wampe mimi."

"Dada Zubaida, mimi sina watu."

"Kale, sawa, nnyabo. Huwezi kusema. Mimi najua huwezi kusema." Alifungua fundo la kanga yake, akatoa hereni mbili za dhahabu, zile alizovaa siku ya ndoa yake na kila Idi tangu hapo. Akaziweka juu ya meza ya duka, karibu na mizani isiyo na kitu. "Hizi si za kwako, sikutukani. Ni za kupitisha mbele. Wao wanakula."

Mahfudha alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale, mfupi, wenye harufu. Nyuma ya pazia la ndani Mwalimu Umar akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu cha kusafisha koo. Lakini katika kikohozi hicho Mahfudha aliona chuo kimefungwa, Shamsia ananyooshewa vidole, mumewe anaingia ndani ya buti na kofia yake. Akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, akamkumbuka Fabiano Obwona, aliyekuwa polisi kweli, mtu wa hivi hivi lakini polisi. Huenda akajua mtu anayejua. Huruma na woga vikamsukuma upande mmoja, akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

"Nitauliza."

Zubaida alifumba macho. Uso wake uliokuwa umekunjamana wiki nzima ukalegea, akapumua kwa nguvu. Alikuwa amepata uhakika wa yote mawili: kwamba Mahfudha ndiye aliyemuuza mumewe, na kwamba Mahfudha angeweza kumrudisha. Alimbusu mkono. Mahfudha alizitia hereni kiganjani mwake, na Zubaida akaziacha tena mezani, akatoka bila kugeuka.

*

Jumatano iliyofuata Anena alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yao ya kipolisi, akichambua karanga kwenye ungo. Nguruwe walikoroma kwenye banda la mabati. Gunia la Mahfudha alikuwa ameshalijaza mwenyewe, kama kawaida yake.

"Karibu, Mama Shamsia. Mtoto iko mzima?"

"Mzima. Na Concy?"

"Concy nakula tu, kama mkubwa wa serikali."

Wakacheka. Mahfudha aliketi kwenye kigoda, akasaidia kuchambua karanga. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima toka Kansanga.

"Anena, nina jambo. Kuna jirani yangu, fundi cherehani. Walimchukua. Mke wake anateseka sana. Nilikuwa nafikiri, Fabiano akiwa kazini anasikia mambo. Hawezi kuuliza tu, pole pole, yuko wapi?"

Vidole vya Anena vilisimama kwenye ungo.

"Nani alituma wewe?"

"Nani? Hakuna. Ni jirani yangu—"

"Mama Shamsia. Nani alituma wewe kwa nyumba yangu?"

"Wallahi hakuna mtu."

Anena aliweka ungo chini. Alitazama mlango, akatazama nyumba za pembeni ambako nguo za polisi zilikuwa zimeanikwa, nyingine za watu wasiorudi kuzianua. Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ile nyumba ya pili, ilikuwa ya Santo. Polisi kama Fabiano, Acholi kama Fabiano. Hii serikali hapana taka Acholi. Mbele ya wao kuchukua yeye, mtu alikuja. Mtu mzuri, rafiki. Alikula hapa hapa. Akauliza, Santo, wewe hawezi jua ile fulani iko wapi? Santo akasema, mimi nitatafuta. Basi. Kutafuta hiyo ndio ilikuwa makosa yake." Akamkazia macho. "Sasa wewe nakuja kila Jumatano. Mwislamu nakuja kuchukua mavi ya nguruwe! Mimi nilisema, huyu mama iko na shida. Fabiano alisema, huyu mama iko na kitu. Mimi nilipigana na yeye kwa sababu yako."

"Anena, unanijua. Tulilala hospitali pamoja."

"Kwa hii Kampala mimi najua nani? Fabiano nalala na viatu kwa miguu, unasikia? Na viatu."

Aliinuka, akaliburuta gunia mpaka kwenye baiskeli, akalifunga kamba kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kazi. Mahfudha alisimama akitazama mikono ile, akitafuta neno la kuapia ambalo lingekuwa zito kuliko Mungu.

"Kama wewe ni mtu wa wao," Anena alisema, "sema kwa wao, nyumba hii hakuna maneno. Kama wewe si mtu wa wao, samehe mimi. Lakini hapana rudi."

Akaingia ndani, na komeo likasikika. Nguruwe waliendelea kukoroma. Njia ya kurudi Kansanga ina kilima, na Mahfudha alikisukuma kilima kile akilia waziwazi, na watu aliopishana nao waligeuza nyuso kwa adabu.

*

Zubaida alikuwa amewaambia watu wawili tu, na kwa siri. Ndiyo maana ndani ya wiki mbili benchi la duka la Mwalimu Umar lilipata wakaaji.

Alikuja mama mmoja ambaye kaka yake alikwenda kununua spea na hakurudi. Alikuja mzee ambaye mwanawe alichukuliwa chuo kikuu. Bashir mwuza nyama alikuja mchana kweupe akinyata kama mtu wa usiku wa manane, akasema hataki kitu, anataka tu Mama Shamsia ajue kwamba yeye hajawahi kusema neno juu ya serikali, na kama kuna siku alisema ni pombe. Wote waliketi kwenye benchi. Wote waliacha kitu mezani: mayai, kitenge, na mara moja, Mungu shahidi, kilo nzima ya sukari.

Zubaida mwenyewe alikuja kila siku na sahani iliyofunikwa. Hakuuliza. Aliweka chakula, akatazama uso wa Mahfudha, akasoma alichotaka kusoma, akaondoka.

"Mkaribishe yule mzee," Mwalimu Umar alisema jioni moja. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, chai tamu, ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani. "Ametoka mbali."

"Nimkaribishe nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri. Subira haimdhuru mtu."

Mahfudha alikichukua kikombe kutoka mkononi mwake.

"Chai hii ina nini ndani?"

"Sukari."

"Ina mtoto wa yule mzee ndani. Ina Sulaimani. Unakunywa, Mwalimu, na kesho unawafundisha watoto wa watu aya ya kula mali ya yatima."

 Mwalimu Umar alipoinua macho, Mahfudha aliona kwamba hakuwa na hasira; alikuwa na hofu, hofu kubwa aliyokuwa ameifunika kwa heshima za foleni.

"Unafikiri sioni haya?" alisema. "Naona. Lakini nikifumba macho naliona lile gari. Sasa hivi ndiyo nyumba pekee Kansanga ambayo gari lile haliji, kwa sababu kila mtu anadhani ni letu. Hakuna anayethubutu kutusingizia. Ukisema ukweli, Mahfudha, tunakuwa kama wengine."

 Mahfudha aliimwaga chai kwenye shina la mnyanya uani, na moyo ukamwuma kwa ile sukari.

*

Asubuhi iliyofuata Zubaida alikuja mapema, na uji kwenye birika. Benchini tayari palikuwa na msichana mmoja, Aminah, aliyeolewa juzi tu, hina ingali miguuni. Mume wake, dereva wa teksi, alikuwa amechukuliwa. Mahfudha hakumwamkia. Alimshika Zubaida mkono, akampitisha ndani ya nyumba, mbele ya Mwalimu Umar aliyekuwa akivaa kanzu, mpaka uani.

"Mahfudha," Mwalimu aliita. Hakukohoa safari hii. Aliita tu, kisha akabaki amesimama mlangoni na mkono mmoja umeingia kwenye kanzu.

Rundo lilikuwa likifuka. Mahfudha alilifungua kwa jembe, akamwonyesha Zubaida tabaka la juu lenye maganda, na la kati, na la chini lililokwisha kuwa udongo. Kisha akafungua gunia la mwisho la Nsambya, lililobaki nusu. Harufu haikuhitaji maelezo.

"Hiki ndicho ninachofuata kwa polisi," alisema. "Mavi ya nguruwe, dada. Kuna mwanamke wa Kiacholi, mume wake ni konstebo, anafuga. Naogopa watu wasije wakajua, kwa kuwa nyanya zangu mnakula wote. Hakuna kingine. Sikumsema fundi kwa mtu. Sijui mtu yeyote wa usalama. Nilisema nitauliza, nikamuuliza yule mwanamke, akanifukuza. Niliogopa kukwambia. Nisamehe kwa nguruwe, nisamehe kwa kunyamaza."

Alikuwa amezitoa hereni, akazitia kwenye mkono wa Zubaida, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili.

Zubaida alitazama gunia. Akainama, akachota udongo mweusi wa chini, akaunusa.

"Huu haunuki."

"Ukikaa unageuka. Unakuwa udongo."

"Na hayo ni ya kweli? Unaapa?"

"Naapa kwa mtoto wangu."

Mahfudha alingoja kofi. Alingoja kelele, alingoja Kansanga yote ije iuone uchafu wake, na kwa kweli alikuwa tayari, maana hata hukumu ni pumziko. Zubaida aliuachia udongo uanguke. Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa hasira.

"Nguruwe?" alisema. "Nguruwe nini, Mahfudha? Nani anauliza nguruwe?" Alikalia jiwe la kufulia bila kutazama kama lina maji. "Mimi nilikuchukia, unajua? Nilikuchukia sana, nikiswali nakuombea ufe. Halafu nikilala nasema, haya, yeye anajua. Yule shetani anajua. Kama yeye anajua, basi Sulaimani yuko mahali. Kuna nyumba, kuna chumba, kuna mtu mwenye funguo, na mtu huyo ni jirani yangu, nampikia uji. Nililala, Mahfudha. Wewe ndiye ulinilaza."

"Dada..."

"Afadhali ungekuwa mpelelezi."

Mlangoni Mwalimu Umar aliutoa mkono kwenye kanzu, akaurudisha. Hakuna aliyemtazama.

 Zubaida alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akainuka kwa shida, akazifunga hereni kwenye fundo la kanga. Walipita tena ndani ya nyumba, yeye mbele na Mahfudha nyuma, wakatokea dukani. Aminah aliruka kutoka kwenye benchi. Alikuwa ameshika kifurushi cha chumvi kwa mikono miwili.

"Amesemaje, nnyabo? Amekuambia nini?"

Mahfudha alifumba macho, akangoja.

Zubaida alimtazama yule msichana, akatazama hina yake. Akamrekebisha ushungi uliokuwa ukimteleza, taratibu, kama mama.

"Amesema anauliza," alijibu. "Kaa umwambie vizuri, asisahau kitu."

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake. Aminah aliweka chumvi mezani, akaketi karibu kabisa na Mahfudha, magoti yao yakigusana.

"Anaitwa Abdulghani," akasema. "Alikuwa na shati la kijani. Hapa shingoni ana kovu, aliungua na chai alipokuwa mdogo, wakimwona watamjua."